Kibali cha Banksy ambacho hakuna aliyekiandika

Majira ya joto ya mwaka 2008, jumba la sanaa la Tate Modern jijini London liliwaalika wachoraji wa mitaani kutoka Brazil, Italia, Ufaransa, Hispania na Marekani, likawakabidhi ukuta wake wa nje unaotazama Mto Thames. Michoro ilikuwa mikubwa kiasi cha kuonekana vizuri ukiwa ng'ambo ya mto, na mdhamini alikuwa kampuni ya magari ya Nissan. Mwezi Julai mwaka huohuo, upande uleule wa mto, Mahakama ya Southwark iliwafunga vijana wa kundi la grafiti lililojiita DPM, wengine hadi miaka miwili, kwa kuchora treni na kuta. Hasara iliyotajwa ilifika Pauni milioni 1. Aliyetoka kusikiliza hukumu ile angeweza kwenda kutazama maonyesho kwa miguu, na wapo waandishi wa habari wa Uingereza waliofanya hivyo na kuuliza swali ambalo halihitaji shahada ya sheria: kwa nini hawa waalikwe na wale wafungwe?

Banksy, mchoraji wa mitaani wa Uingereza anayeficha jina na sura yake, hakuwemo kwenye maonyesho, wala kizimbani. Lakini bila yeye mambo yale mawili yasingetokea kwa pamoja. Tate isingefikiria kuupa ukuta wake watu wa makopo ya rangi kama Waingereza wasingekuwa tayari wamempenda mmoja wao, na tofauti kati ya "msanii wa mtaani" na "mhalifu wa grafiti" isingekuwa na maana yoyote kama mtu mmoja asingeifanya iwe na thamani ya fedha.

Wengi wakimjadili Banksy huishia kwenye maswali mawili: ni nani, na picha zake zinauzwa shilingi ngapi. Swali la kwanza limekula wino mwingi wa magazeti ya Uingereza tangu mwaka 2008 na mimi silishughulikii. Mtu akiamua kuficha uso wake bila kumdhuru mwenzake, aachwe. La pili nitaligusa kwa sababu haliepukiki. Ninachotaka kusema hapa ni kitu kingine. Kazi kubwa aliyoifanya mtu huyu kwa zaidi ya miaka 25 ni kupata kibali. Hakuna halmashauri iliyowahi kukiandika wala bunge lililokipitisha, lakini kipo: uhalifu wake ni uhalifu ambao mwenye nyumba anaamka asubuhi akiomba umfike. Na kibali hicho kina jina moja tu juu yake.

Kwa nini yeye? Jibu lianzie Bristol, mji wa bandari wa kusini-magharibi mwa Uingereza, ambao ulikuwa na grafiti yake nzito kabla Banksy hajajulikana. Mwaka 1989 polisi wa reli walifanya operesheni kubwa iliyoitwa Anderson, wakakamata watu 72. Kitovu cha vijana hao kilikuwa klabu ya vijana ya Barton Hill, ambako angalau mtu aliweza kuchora bila kukimbizwa. Banksy ni zao la kizazi kilichofuata, kizazi kilichokua kikijua kwamba kaka zao walikwishawahi kugongewa milango alfajiri.

Yeye mwenyewe amesimulia jinsi alivyobadilika. Akiwa na miaka 18 alikuwa akichora herufi kubwa za rangi ya fedha ubavuni mwa treni, polisi wakatokea, wenzake wakaliwahi gari na kutokomea. Yeye akajitupa chini ya lori, akalala hapo zaidi ya saa nzima huku oili ikimdondokea. Juu ya uso wake kulikuwa na tangi la mafuta lenye maandishi yaliyopigwa kwa stensili, yaani karatasi iliyokatwa umbo ili rangi ipite kwenye matundu yake. Akapiga hesabu palepale: ama apunguze nusu ya muda wa kuchora, ama aache kabisa.

Hesabu hiyo inaeleweka ukijua kazi yenyewe ilivyo. Mchoraji wa herufi husimama mbele ya ukuta saa nyingi: anachora muhtasari, anajaza rangi, anarudia muhtasari, anatia kivuli na kung'arisha. Kila dakika ni ya hatari. Stensili huihamishia kazi yote hiyo mezani. Unachukua karatasi ngumu na kisu chenye ncha, unakata umbo polepole nyumbani na chai yako pembeni. Ugumu uko kwenye vile vipande vya ndani, mboni ya jicho, tundu la pua, tumbo la herufi O, ambavyo ukivikata mduara kamili vinadondoka vyote. Inabidi uache vijidaraja vyembamba vya karatasi vivishikilie, na fundi mzuri hujulikana kwa namna anavyovificha vijidaraja hivyo ndani ya mkunjo wa nguo au kivuli cha shavu. Ukifika ukutani unabandika kwa utepe, unapuliza, unabandua, unaondoka. Rangi nyeusi ikikauka unaweza kupita tena na karatasi ya pili yenye tundu moja tu, la puto jekundu.

Ujanja haukuwa wake. Mjini Paris, Blek le Rat alikuwa akipiga panya za stensili tangu mwaka 1981, na anayezitazama panya za wawili hao pamoja hahitaji kuambiwa nani alikuja kwanza. Lakini Banksy aliongeza kitu ambacho naamini ndicho kilichomfungulia mlango: alimwandikia mpita njia. Herufi za grafiti huandikwa kwa ajili ya waandishi wengine wa grafiti. Mtu wa kawaida akizitazama anaona fujo tu. Picha ya Banksy inaeleweka na mtu aliye ndani ya basi kabla taa hazijawa kijani. Polisi wawili wakibusiana. Mwandamanaji anayerusha shada la maua badala ya jiwe. Dubu wa kuchezea wa mwaka 1999 pale Stokes Croft, Bristol, akiwarushia polisi wa kutuliza ghasia chupa ya petroli. Ni utani wa katuni ya gazetini, na siusemi kwa dharau. Katuni ya gazetini inaeleweka na hakimu, na mhariri, na diwani.

Diwani ndiye aliyekuwa wa kwanza kulegea. Mwaka 2006 ilitokea picha kwenye mtaa wa Frogmore, Bristol, mkabala na ofisi za halmashauri yenyewe: mwanamume uchi ananing'inia dirishani kwa mkono mmoja, juu yake mume mwenye suti anachungulia huku na huko, na nyuma ya mume yuko mke na nguo za ndani. Ukuta ulikuwa wa kliniki ya afya ya uzazi na magonjwa ya zinaa, jambo lililoongeza utamu. Halmashauri ambayo kazi yake ni kufuta grafiti haikutuma watu wa kufuta. Iliwauliza wananchi mtandaoni, na asilimia 97 ya waliojibu, watu kama 500, wakasema iachwe. Ikaachwa. Mwaka 2009 Jumba la Makumbusho la Bristol likampa jengo zima kwa miezi mitatu hivi, na zaidi ya watu 300,000 wakapanga foleni kuzunguka mitaa.

London ilichelewa kidogo. Mwaka 2007 wafanyakazi wa shirika la usafiri la jiji waliipaka rangi picha yake maarufu karibu na kituo cha Old Street, ile ya majambazi wawili wa sinema walioshika ndizi badala ya bastola, na shirika likajitetea kwamba watu wake ni wasafishaji wa taaluma, si wahakiki wa sanaa. Nimewahi kusoma majibu mengi ya maofisa uhusiano. Hilo ni miongoni mwa machache yaliyonyooka. Halmashauri ya Westminster nayo iliamuru kufutwa kwa picha kubwa ya mwaka 2008 iliyopinga kamera za ulinzi, kwa hoja kwamba ukimruhusu huyu utamkatalia nani. Ilikuwa hoja ya haki, na ndiyo maana haikudumu. Mwaka 2010 Waziri Mkuu David Cameron alimpelekea Rais Obama zawadi ya mchoro wa Ben Eine, mwenzake Banksy wa siku za mwanzo ambaye polisi wa London walikuwa wamemkamata mara kadhaa. Mwaka 2024, Banksy alipomwaga rangi ya kijani nyuma ya mti uliokatwa matawi huko Finsbury Park, na mtu mwingine akaja usiku akamwaga rangi nyeupe juu yake, halmashauri ya Islington iliweka uzio, kisha vioo vya plastiki, kuulinda uharibifu wa kwanza dhidi ya uharibifu wa pili.

Ukitaka kujua gharama ya kibali kama hicho, muulize Robbo, isipokuwa Robbo amefariki. Habari hii wapenzi wa Banksy huipita haraka, kwa hiyo nitakaa nayo.

Robbo alikuwa mfalme wa grafiti ya London ya miaka ya 1980, pande la mtu, na mwaka 1985 alichora jina lake kwa rangi kamili kwenye ukuta wa mfereji wa Regent's Canal huko Camden, chini kabisa ya makao makuu ya polisi wa reli. Huwezi kuufikia ukuta ule kwa miguu. Lazima uje kwa maji. Kwa sababu hiyo, na kwa heshima, mchoro ulidumu miaka 24. Ulikuwa umechakaa na kuchorwachorwa, lakini ulikuwa ukitajwa kuwa grafiti kongwe kuliko zote iliyobaki London. Mwishoni mwa mwaka 2009 Banksy akaja na stensili yake: fundi mwenye ovaroli anayebandika karatasi za ukutani. Akaifunika sehemu kubwa ya kazi ya Robbo kwa rangi ya kijivu, kilichobaki akakifanya ndiyo karatasi inayobandikwa. Kama wazo, ni zuri. Kama adabu, wenyewe wa mchezo walilielewa kwa namna moja tu: mkubwa amefutwa na mwenye jina.

Robbo alikuwa amestaafu miaka mingi, akishona na kutengeneza viatu kwa riziki yake. Siku ya Krismasi alivaa nguo za kuzamia, akalala juu ya godoro la kujaza upepo, akavuka mfereji. Alipoondoka, yule fundi wa Banksy alikuwa anapaka maneno KING ROBBO kwa herufi kubwa za fedha. Siku chache baadaye zikaongezwa herufi tatu mbele, zikaligeuza neno la kwanza kuwa tusi. Vita vikaendelea kwenye kuta za London mwaka mzima na zaidi, wafuasi wa Robbo wakizivamia picha za Banksy moja baada ya nyingine. Robbo alikuwa akisimulia kwamba chanzo kilikuwa miaka ya 1990, walipokutanishwa baa na yule kijana akadai hajawahi kumsikia, naye akamzaba kibao. Banksy alikana. Aprili 2011 Robbo aliumia kichwa vibaya, akaingia kwenye usingizi wa kupoteza fahamu ambao hakuamka, na Julai 2014 akafariki. Banksy alirudi pale mferejini Novemba 2011, akaurejesha mchoro wa mwaka 1985 kwa rangi nyeusi na nyeupe, na juu yake akachora kopo la rangi linalowaka kama mshumaa.

Heshima hiyo naikubali. Lakini tazama kilichotokea kabla yake. Mtu mmoja aliujua ukuta, aliufikia kwa kuhatarisha maisha, akaulinda kwa jina lake miaka 24. Mwingine alikuja, na kuanzia hapo kila ripota aliyeandika kuhusu mfereji ule aliandika kuhusu "picha ya Banksy" iliyoharibiwa. Mnyonge hana haki, hata kwenye ukuta ambao wote wawili hawaumiliki.

Na mmiliki je? Hapo ndipo kazi ya Banksy inaponoga kuliko picha zake. Msomaji wa Dar es Salaam au Mombasa anazijua kuta zilizoandikwa kwa brashi nene "Nyumba hii haiuzwi", tangazo la familia inayoogopa tapeli mwenye hati bandia. Ukuta wa Uingereza una hati isiyo na utata, na huko hofu ni kinyume chake: ukuta umeuzwa kihalali kabisa, usiku mmoja, na mtaa mzima unaamka umeibiwa kitu ambacho haukuwahi kuwa nacho.

Mei 2012, wiki chache kabla ya sherehe za miaka 60 ya Malkia Elizabeth kwenye kiti cha enzi, Wood Green ya kaskazini mwa London iliamka na picha ya mtoto aliyepiga magoti kwenye cherehani, akishona vibendera vya Uingereza. Ilipigwa ubavuni mwa duka la bidhaa za bei poa. Februari 2013 ukuta ulikutwa na shimo lililozibwa plasta. Picha ikaibuka kwenye mnada wa Miami, ikikadiriwa kuuzwa kwa dola 500,000 hadi 700,000. Wakazi na diwani wao wakapiga kelele hadi mnada ukaahirishwa. Miezi michache baadaye ikauzwa London kwa zaidi ya Pauni 750,000. Hakuna sheria iliyovunjwa. Mwaka 2018 ikauzwa tena, Los Angeles, kwa dola 730,000, na mnunuzi, mchoraji Ron English, akatangaza kwamba ataipaka rangi nyeupe yote ili kupinga biashara ya kuuza sanaa ya mitaani. Picha ya mtoto anayefanyishwa kazi ilikuwa imewapa kazi madalali wa mabara mawili.

Kesi ninayoipenda zaidi ni ya Folkestone, mji wa pwani. Mwaka 2014 Banksy alichora bibi mzee mwenye vipokea sauti masikioni akilitazama jukwaa la sanamu lisilo na sanamu. Mpangaji wa jengo, kampuni ya michezo ya kubahatisha, akaukata ukuta na kuusafirisha Marekani uuzwe. Alijitetea mahakamani kwamba mkataba wa upangaji unamtaka afanye ukarabati, na kuondoa grafiti ni ukarabati. Septemba 2015 Mahakama Kuu ya Uingereza ikaamua: kipande cha ukuta kikikatwa ni mali ya mwenye nyumba, na mpangaji hawezi kutumia wajibu wa ukarabati kujitwalia mali. Soma hukumu hiyo uone wanasheria wanavyobishana kwa umakini kuhusu matofali, mkataba, na thamani ya kitu kilichookotwa. Aliyekifanya kiwe na thamani hayumo. Si mdai, si mdaiwa, si shahidi. Kisheria ni kama mvua iliyonyesha juu ya ukuta.

Mara moja tu, kwa ninavyoona, aliingilia waziwazi. Mwaka 2014 alichora wapenzi wawili waliokumbatiana huku kila mmoja akichungulia simu yake begani kwa mwenzake, kwenye mlango wa mbao karibu na klabu ya vijana ya Broad Plain, Bristol. Klabu ilikuwa hoi kifedha. Watu wake wakaing'oa mbao kwa mtaimbo na kuipeleka ndani. Jiji likaitaka. Banksy akaandika barua kwamba ni yao, wafanye watakavyo. Ikauzwa Pauni 403,000. Hiyo ni barua moja yenye maneno machache, na ilifanya kile ambacho Mahakama Kuu isingeweza kukifanya: ilimtaja mrithi.

Kuhusu minada yenyewe sitachelewa. Mwaka 2007 picha yake ilifika Pauni 288,000, mwaka uliofuata nyingine, mchoro wa msanii Damien Hirst ambao Banksy aliupiga stensili juu yake, ikavuka dola milioni 1.8, na yeye akawacheka wanunuzi kwenye tovuti yake kwa maneno ambayo mhariri wangu hawezi kuyachapa. Oktoba 5, 2018, nyundo ilipogongwa kwenye jumba la mnada la Sotheby's kwa bei iliyofika Pauni milioni 1.04 pamoja na ada, "Msichana na Puto" akaanza kuteremka ndani ya fremu yake na kukatwakatwa na mashine iliyofichwa humo. Mashine ikakwama katikati. Mnunuzi akaichukua hivyohivyo. Mwaka 2021 ikauzwa Pauni milioni 18.6. Watu husema soko lilimshinda. Mimi naona kwamba soko lilifanya kile halmashauri ya Bristol ilichofanya mwaka 2006: liliutia uharibifu mhuri. Tofauti ni kwamba mnadani mhuri una tarakimu nyingi zaidi. Kama kuna kazi aliyofanya ya kuliumbua soko, ni kile kibanda cha Central Park, New York, Oktoba 2013, ambako mzee mmoja aliuza picha halisi za Banksy kwa dola 60 kila moja bila kutaja jina. Siku nzima zilipatikana dola 420. Picha zilezile, bila kibali, ni karatasi.

Mnyonge mnyongeni, lakini haki yake mpeni. Picha aliyoipa hospitali ya Southampton wakati wa korona, ya mtoto anayechezea mwanasesere wa muuguzi, iliuzwa Pauni milioni 16.8, na mapato yake yalikwenda kwenye huduma za afya. Meli ya Louise Michel, boti ya zamani ya forodha ya Ufaransa aliyoigharimia, imekuwa tangu mwaka 2020 ikiokoa watu Bahari ya Mediterania, watu wanaotoka Libya baada ya safari zinazoanzia mbali, zikiwemo nchi za Pembe ya Afrika. Wachoraji wangapi matajiri wamenunua meli ya namna hiyo? Lakini mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Wale wanyama tisa wa Agosti 2024, kila siku mmoja, mbuzi, tembo, nyani, waliandikwa na kila gazeti, na nikiwatazama leo siwezi kukuambia walitaka kusema nini. Vijana wa mtaani walisema zaidi: mbwamwitu aliyechorwa kwenye dishi la satelaiti huko Peckham aling'olewa na kuondoka naye mchana kweupe muda mfupi baada ya kuonekana.

Ni pale picha inapouma ndipo mipaka ya kibali huonekana. Oktoba 2014, Clacton-on-Sea, mji wa pwani ya mashariki, ulikuwa kwenye kampeni za uchaguzi mdogo uliotawaliwa na habari za wahamiaji. Banksy akachora njiwa watano wa kijivu wakiwa na mabango, wakimkabili mbayuwayu mmoja wa rangi nzuri. Bango moja likimwambia arudi Afrika, jingine likisema wahamiaji hawatakiwi, la tatu likimtaka aachane na minyoo yao. Mbayuwayu kweli huja Afrika kila mwaka baridi ikianza huko, na anarudi kwao kuzaa bila kumwomba mtu pasi. Mtu mmoja akalalamika kwamba maneno yale ni ya kibaguzi. Halmashauri ikatuma watu wakafuta, bila kujua ya nani. Ilipoambiwa, ilisema ingefurahi kumkaribisha Banksy arudi kuchora kitu kinachofaa.

Kinachofaa. Hilo ndilo sharti la kibali, na lilikuwa halijatamkwa waziwazi hadi siku ile. Karibu miaka 11 baadaye likatamkwa tena, safari hii bila mwaliko. Septemba 8, 2025, kwenye ukuta wa Royal Courts of Justice, London, ilionekana picha ya hakimu mwenye wigi akimpiga kwa nyundo yake mwandamanaji aliyeanguka chini, bango lake limetapakaa damu. Siku mbili kabla, polisi walikuwa wamekamata watu zaidi ya 800 kwenye maandamano ya kupinga kupigwa marufuku kwa kundi la wanaharakati wa kuitetea Palestina, Palestine Action. Picha haikutaja kundi wala maandamano, haikuhitaji. Ndani ya saa chache ilifunikwa kwa plastiki nyeusi na kuwekewa walinzi. Siku mbili baadaye wafanyakazi walikuwa wakiisugua, kwa maelezo kwamba jengo ni la kihistoria na lazima libaki na sura yake. Polisi wakatangaza kuchunguza uharibifu wa mali.

Wapo waliosema serikali imetupa mamilioni ya pauni. Sidhani ilikuwa na pa kutokea. Mwenye nyumba wa kawaida akipata Banksy ana njia tatu: aihifadhi, aiuze, aifute. Mahakama ikiihifadhi picha ile imekiri shtaka. Ikiiuza imelifanyia biashara. Imebaki brashi, na Sheria ya Uharibifu wa Mali ya mwaka 1971, ambayo kwa hasara kubwa inaruhusu kifungo cha hadi miaka 10. Ni sheria ileile iliyokuwepo miaka yote ambayo halmashauri zilikuwa zikinunua vioo vya plastiki; haikuwahi kubadilishwa hata nukta kwa ajili yake.

Na hapa kuna mtego ambao Banksy alikwishaukanyaga upande wa pili. Kitabuni mwake aliwahi kuandika kwamba hakimiliki ni ya walioshindwa maisha. Kampuni moja ya kadi za salamu ilipoanza kuitumia picha ya mrusha maua, kampuni yake ya Pest Control ilijaribu kuilinda kama alama ya biashara ya Umoja wa Ulaya, hata akafungua duka Croydon mwaka 2019 akieleza waziwazi kwamba amelifungua kwa sababu ya mgogoro huo. Septemba 2020 ofisi ya miliki bunifu ya Umoja wa Ulaya ikaifuta alama: iliandikishwa kwa nia mbaya, maelezo yake mwenyewe ya dukani yakatumika dhidi yake, na zaidi ya hayo, mtu asiyejitaja hawezi kuthibitishwa bila shaka kuwa ndiye mwenye kazi. Alipokwenda kwenye sheria kama mdai, ilimwomba jina, hakulitoa, akatoka mikono mitupu. Uchunguzi wa ukuta wa mahakama ukimfikisha kwenye sheria kama mshtakiwa, swali la kwanza la karani litakuwa lilelile, na kizimbani hakuna anayeruhusiwa kulikataa na kwenda zake.